Karasha ya baba mdogo

Nimeadimika kidogo, testi zilinibana kweli kweli. Leo nina stori ya karasha.

Baba mdogo yuko kwenye kikundi cha wachimbaji wa jasi kule Makanya, Same. Wamechanga miaka mitatu wanunue karasha. Muuzaji mmoja kawaambia chukueni ya taya, inavunja hadi granaiti. Basi kanipigia: "Mwanangu, wewe ndiye unayesomea mawe. Tununue au tuache?" Jamani, hela za watu hizo, si swali la mtihani!

Nilimwambia hivi. Kwenye kipimo cha Mohs jasi ni namba 2, ukucha tu unaikwaruza. Granaiti ina kwatzi, namba 7, na taya imetengenezwa kwa ajili ya ngumu kama hiyo. Jasi itaivunja, ndiyo, lakini jiwe linapungua kama mara 4 hadi 6 tu. Ukitaka unga, unanunua mashine ya pili. Ya nyundo kwa mkupuo mmoja inaweza kulipunguza hata mara 20.

Ila msikimbilie nyundo! Jasi yenye udongo ikilowa mvua inanata, matundu ya wavu wa chini yanaziba, kazi inasimama. Hapo afadhali roli mbili zenye meno, zenyewe hazina wavu. Na ikiwa na mchanga, nyundo zinalika haraka, kila siku mtanunua nyundo mpya. Kupima ni rahisi: sugua unga wake kwenye kipande cha kioo. Jasi haikwaruzi kioo, mchanga unakwaruza.

Halafu swali kubwa: mteja ni nani? Kiwanda cha saruji huweka jasi kidogo, kama asilimia 5, saruji isigande haraka, na mara nyingi kina karasha yake. Kama kinapokea mabonge, mashine ya nini? Anayetaka unga ni mtu wa chaki na plasta.

Jumapili wakakaa kikao. Wamekubaliana wamuulize mteja kwanza, halafu wapeleke magunia mawili yapigwe mbele ya macho yao kabla ya kulipa. Muuzaji kasema yeye hafanyi majaribio. Basi na hela haijatoka!

Nyie wa uhandisi wa migodi, mngemshauri nini mzee? Tupeni maoni. Mie naenda kusaka msosi, tutaonana lekcha.