Vidole Vitano vya Bibi

Bibi alikuwa akisuka ukili huku anazungumza, na mikono yake haikupumzika ila kwa mambo mawili: adhana, na mtu kumuuliza kazi itakwisha lini. Hapo huziweka chini chane za ukindu, akanyoosha mkono wa kushoto mbele ya mteja na kuanza kukunja vidole kimoja kimoja. Kidole cha mwisho, leo. Cha pete, kesho. Cha kati, kesho kutwa. Cha shahada, mtondo. Gumba, mtondogoo. Mkono ukishafumba, siku zenye majina zimekwisha. "Huko mbele," husema, "anajua Mwenyewe."

Tulikaa Pangani, upande wa mjini, karibu na kivuko cha kwenda Bweni. Ilikuwa miaka ya 1970, nami nilikuwa mtoto wa kutumwa dukani na kisimani. Nilichelewa kung'amua kwamba vidole vile vilikuwa hesabu kamili. Msala mmoja ulikula pima nane za ukili, na Bibi alipima kwa mikono yake mwenyewe: anaushika ukili kwa ncha za vidole vya mkono wa kulia, anaunyoosha kupita kifuani hadi ncha za vidole vya kushoto, hiyo pima moja, kisha anaukunja na kuanza tena. Kwa siku moja alisuka pima mbili akiwa mzima na mvua haijamlowesha ukindu. Kwa hiyo akikwambia "njoo mtondo", alikuwa ameshaona kila kitu: pima nne zimo kapuni, mbili za leo, mbili za kesho, kesho kutwa kushona, mtondo kutia pindo. Mteja aliyekuja mtondo alasiri alikuta msala umekunjwa, umesimamishwa nyuma ya mlango.

Mara moja alishikwa na homa. Alinituma mbio kwa mke wa mwalimu, mtaa wa tatu, kabla mwenyewe hajatoka kwake. "Kamwambie mtondo yangu imekuwa mtondogoo." Nilikimbia nikiyarudia maneno yale njia nzima nisije nikayapoteza, mtondo imekuwa mtondogoo, mtondo imekuwa mtondogoo, na yule mama aliponisikia hakuuliza swali hata moja. Alikunja gumba, akaniitikia, akarudi jikoni.

Baba naye alilitumia neno hilo kwa kazi yake. Alikuwa na ngalawa na madema, na siku zake zilifuata mwezi. Alitazama juu baada ya sala ya magharibi na kusema, "Bamvua mtondo," basi nyumba nzima ikajua. Mwezi ukiandama au ukipevuka maji hujaa sana na kutoka sana, na yakitoka, wanawake huteremka mwambani kutafuta pweza na chaza. Mama alikuwa ameshaazima fimbo ya kuchokolea siku mbili kabla. Sikuwahi kumsikia mtu nyumbani akitaja tarehe kwa ajili ya bahari.

Mwaka 1983 nilikwenda Dar es Salaam, na baada ya mahangaiko ya kawaida ya mgeni wa mji nikapata kazi ya kusahihisha prufu katika gazeti moja. Kazi ile niliipenda, na bado naiona kuwa kazi ya heshima: kuwa jicho la mwisho kabla neno halijafika kwa watu. Siku moja ilikuja barua ya msomaji aliyeandika kwamba maji ya bomba yaliahidiwa kurudi mtondo, na mtondo ikapita, na mtondogoo ikapita. Nilitabasamu. Mkubwa wangu alipoiona alichukua kalamu nyekundu, akanikabidhi na kusema msomaji wa Sumbawanga hatalielewa neno hilo. Nililikata kwa mkono wangu mwenyewe, nikaandika juu yake "siku tatu baadaye".

Sikuwa na la kumjibu, na hata leo naona hofu yake ilikuwa na msingi. Kiswahili tunachoandika kilijengwa ili kimfae kila mtu. Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa wakakubaliana Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na tangu hapo waandishi na walimu wamefanya kazi kubwa ya kutupa lugha moja ambayo mtu wa Kigoma na wa Lamu wanaweza kusomea gazeti moja. Ninaishukuru kazi hiyo, maana imenilisha mimi na wanangu. Lakini neno nililolikata halikuwa la kilinge wala la kabila. Lilikuwa neno la kila mtu mwenye ahadi ya kutimiza, na lilikuwa fupi kuliko nililoweka mahali pake.

Kilichonipata baadaye sikukiona kikija. Nilipoacha kuliandika, niliacha kulisema. Dar es Salaam kila kitu kilikuwa kesho. Fundi cherehani ni kesho, fundi bomba ni kesho, mwenye deni lako ni kesho, na kesho hiyo haikuwa siku, ilikuwa kikapu cha kutupia kila kisichofanyika leo. Kisichotosha kwenye kesho tulikiita "siku za karibuni". Nami nikawa hodari wa kusema hivyo. Nilimtumia Bibi salamu kwa kinywa cha msafiri wa basi la Tanga: mwambie nakuja siku za karibuni.

Mama mdogo ndiye aliyenieleza baadaye jinsi zilivyopokelewa. Bibi alisikiliza, akanyoosha mkono wake wa kushoto, akautazama. Akauliza, "Siku za karibuni ndiyo kidole gani?"

Alifariki mwaka 1991, wakati wa masika, barabara ikiwa tope tupu. Nilifika Pangani matanga yakikaribia kuanuliwa. Nyuma ya mlango palikuwa na msala mmoja ambao haujatiwa pindo.

Miaka mingi ikapita ndipo nikafanya kitu. Mwaka 2004 ilitoka chapa ya pili ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, nami niliinunua kwa ajili ya kazi. Jioni ile, kabla ya kuifunika kwa gazeti isichakae, nilitafuta mtondo. Limo. Mtondogoo nalo limo. Nilikaa na kamusi mapajani muda mrefu, nikihisi kama mtu aliyekuta sanduku la nyumbani kwao katika nyumba ya mgeni. Nikachukua daftari la kurasa mia moja, la mwanangu wa shule ya msingi, nikaanza desturi ninayoiendeleza mpaka leo: kila baada ya siku kadhaa nafungua kamusi popote, natafuta neno ambalo hakuna aliyelitamka nyumbani kwangu wiki ile, naliandika, kisha pembeni yake naandika ninachokiona ndani ya nyumba yangu nikikitazama kupitia neno hilo.

Moja ya maneno ya mwanzo lilikuwa mwiku. Ni chakula cha jioni kilichobaki, kinacholiwa asubuhi yake. Kwetu mwiku ulikuwa wali uliofunikwa kwa kawa, ukapashwa moto na tui kidogo, na ulikuwa na mwenyewe: anayetoka mapema kwenda baharini. Niliandika neno lile, nikaenda kufungua friji. Mlikuwa na bakuli saba. Mbili sikujua ni za lini. Friji lilikuwa limeuondoa usiku ule mmoja uliokifanya chakula kiwe mwiku. Sasa chakula kililala siku nne bila kuwa na jina wala mlaji. Jioni ile nilipika nusu ya ninachopika siku zote. Jina tulilobaki nalo mijini ni kiporo, na nafurahi kwamba waandishi wa michezo wamelichukua, wanaita mechi iliyoahirishwa kiporo, na kila shabiki wa Kariakoo anaelewa. Neno la jikoni limehamia uwanjani, nalo linaishi.

Siku nyingine kamusi ilinifungukia kwenye kuchwa. Jua kuchwa ni jua kuzama, na humo ndimo ilimotoka ile kutwa tunayoisema bila kufikiri: mchana kutwa, kibarua cha kutwa, shule ya kutwa. Ninaposikia "shule ya kutwa" sasa namwona mtoto anayerudi kwao kabla jua halijazama. Nilianza kumuuliza mwanangu, "Umeshindaje?" kwa maana yake ya zamani, yaani siku yako umeikaaje tangu asubuhi hata sasa, na nikasubiri jibu. Mara za kwanza alijibu "poa" akapita. Wiki ya tatu aliketi.

Lakini neno lililonisumbua kuliko yote ni mwongo. Sisemi msema uongo, ambaye wingi wake ni waongo. Nasema mwongo ambao wingi wake ni miongo, miaka kumi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilisahihisha habari zenye neno hilo, nikibadilisha muongo kuwa mwongo, mwongo mmoja uliopita, miongo miwili ijayo. Kisha nikajifunza kwamba kwa watu wa pwani mwongo ulikuwa siku kumi. Mabaharia na wakulima waliuhesabu mwaka wa jua kwa makumi ya siku tangu siku ya mwaka, nairuzi: miongo 36 ikawa siku 360, na siku tano zikabaki peke yake kuukamilisha mwaka. Makunduchi, Unguja, bado wanausherehekea mwaka huo kila Julai, Mwaka Kogwa. Kwa hesabu hiyo nahodha alijua kaskazi itageuka lini na mkulima alijua apande lini, jambo ambalo miezi ya mwandamo haiwezi kumwambia, kwa sababu inazunguka misimu yote.

Nikamkumbuka mzee mmoja nahodha, rafiki yake baba, aliyekuwa akija barazani na kusema mwongo huu si wa kuingia majini. Nilikuwa mtoto, nikadhani anamtaja mtu asemaye uongo, nikamwogopa mtu huyo. Imenichukua miaka thelathini kumwelewa.

Siku kumi zimenyooshwa zikawa miaka kumi. Najua sababu: palihitajika neno la vipindi virefu, la historia na mipango ya serikali, na hili lilikuwa tayari na kumi ndani yake. Waliolichagua walichagua vizuri. Lakini mwongo wa kale haukuachiwa jina lingine, na mimi nimeona maishani mwangu kwamba siku kumi ndicho kipimo kinachonifaa. Wiki ni fupi mno, inakwisha ukiwa bado unafua nguo za wiki iliyopita. Mwezi ni mshahara. Nilianza kuandika mstari mmoja kila baada ya siku kumi. Mwongo wa kwanza niliandika kwamba gesi imekwisha, kwamba jirani yangu wa kushoto amejifungua na sijaenda kumpa hongera, na kwamba sijampigia simu mama mdogo kwa miongo sita. Nilipoiona sita ile kwenye karatasi niliinuka nikapiga simu hapo hapo. "Kumbe u hai," akasema. Hakusema kwa kunisuta. Alikuwa ananishangilia.

Tangu hapo nina sharti moja na nafsi yangu: siahidi nje ya mkono. Nikiweza kukitaja kidole, naahidi. Nisipoweza, nasema sijui. Watu wengine wameniona mgumu kwa hilo, hasa kwenye vikao vya harusi, ambapo mchango huahidiwa kwa sauti kubwa. Lakini wanaonidai hawajawahi kunifuata nyumbani.

Nimestaafu sasa, na mwaka juzi nilijifunza upya ukili. Vidole vilikuwa vimesahau, lakini si kabisa. Mama mdogo amenitumia ukindu kutoka Pangani, umekwisha kuchemshwa kwa rangi, nami nakaa barazani Temeke jua likipungua. Mjukuu wangu wa miaka tisa hukaa karibu, ananishikia chane. Ameomba msala wake mwenyewe, wa kimo chake.

Juzi alasiri aliniuliza utakwisha lini. Niliinuka nikaupima ukili uliomo kapuni, kifua na mikono, kifua na mikono. Pima nne. Wa mtoto unataka sita. Nilikaa nikanyoosha mkono wa kushoto mbele yake. Nikakunja cha mwisho, nikakunja cha pete, nikakunja cha kati, nikakunja cha shahada, gumba likabaki limesimama. Alilitazama gumba, akatazama vile vidole vilivyokunjwa, midomo ikichezacheza kwa hesabu.

"Alhamisi," akasema.

"Mtondo," nikamwambia, nikazishika tena chane.