Usikaushe Tangi la Petroli

Kijana mmoja jirani yetu hapa Tabata ana Altezza ambayo ameichezea kwa miaka. Ameishusha chini, amebadilisha egzosi, viti vya nyuma ameving'oa. Karibuni akaifanyia mambo mawili yanayoonekana kupingana: akatoa betri ya kawaida akaweka ya lithiamu, ndogo, unayoinyanyua kwa mkono mmoja, halafu akafunga mfumo wa gesi asilia.

Gereji walimcheka. Betri imempunguzia kilo 10 hivi, lakini mtungi wa gesi wa chuma wa lita 60 aliofungiwa kwenye buti una uzito wa kilo 60 na ushee, na hapo bado haujajazwa. Ukiujaza hadi bar 200 unabeba gesi kilo 10 tu. Akawajibu kwa upole: "Zile kilo za betri zilikuwa zinakaa bure. Hizi za mtungi zinanilipa."

Jibu hilo limenikaa kichwani. Tumezoea kuusifu wepesi, kwenye magari na kwenye maisha: punguza mizigo, achana na mambo ya zamani, songa mbele. Yeye alikuwa anauliza swali lingine, nalo ni zuri zaidi: uzito huu una kazi gani?

Na ule wa mtungi una kazi. Gesi inayotoka Songo Songo na Mnazi Bay inauzwa Dar es Salaam kwa takriban nusu ya bei ya petroli, kilo kwa lita, na kilo moja ina nishati ya lita moja na nusu. Tena oktani yake inazidi 120, kwa hiyo injini inayobana sana, kama ya gari lake, haigongi. Nguvu hupungua kidogo, kama asilimia 10, kwa sababu gesi inachukua nafasi ya hewa kwenye silinda. Plagi nazo ziwe nzima na koili ziwe na nguvu, maana gesi haiwaki kirahisi kama petroli.

Lakini kilichonivutia zaidi ni kifaa kinachoitwa rediusa. Gesi hutoka mtungini kwa bar 200 na lazima ishushwe mpaka presha ndogo kabla ya kufika kwenye injekta. Inaposhuka namna hiyo hupoa sana, kiasi cha kuweza kugandisha kifaa chenyewe. Ndiyo maana mafundi huunganisha rediusa na mipira ya maji ya rejeta, ipate joto la injini. Sasa asubuhi injini ni ya baridi na joto hilo halipo. Kwa hiyo gari huwaka kwa petroli kwanza. Kontroli boksi ya gesi inasubiri maji yapate moto, halafu ndipo inabadilisha, na dereva husikia mlio mdogo tu wa vali. Mfumo mpya unabebwa na ule wa zamani kila siku, hata baada ya miaka.

Shemeji yangu, anayeendesha teksi, hakulizingatia hilo. Alipofungiwa gesi alifurahi mno, na kwa foleni na bei za mjini namwelewa. Akawa anaweka petroli ya elfu tano tano, taa ya tangi inawaka wiki nzima. Pampu ya petroli imo ndani ya tangi, na kinachoipoza ni petroli hiyohiyo inayoizunguka. Tangi likikaa karibu tupu, pampu hupata joto na kufa. Ya kwake ilikufa asubuhi, mtungi ukiwa umejaa gesi, na gari lisiwake, kwa sababu petroli ya kuliwashia kwanza haikuweza kufika kwenye injini. Alipoteza siku ya kazi, akanunua pampu, akamlipa fundi. Faida ya gesi ya wiki nzima ikaenda hapo.

Betri nyepesi nayo ina habari kama hiyo. Porsche walipoanza kuuza betri ya lithiamu kwa baadhi ya magari yao ya michezo mwaka 2010, ilikuwa na uzito usiofika kilo 6, nyepesi kwa zaidi ya kilo 10 kuliko ya risasi. Mnunuzi aliilipia pesa nyingi, na bado alikabidhiwa betri ya kawaida pamoja nayo, ya kutumia wakati wa baridi kali, kwa sababu lithiamu hudhoofika kwenye baridi. Wahandisi wale walijua walichotengeneza. Walikiamini, na hawakuitupa ya zamani.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee, na wengi wetu tunausikia msemo huo kama onyo la kuogopa mambo mapya. Mimi sasa siusikii hivyo. Nilipoacha ajira ya ualimu nikafungua duka la vifaa vya ofisi, niliendelea kufundisha tuisheni Jumamosi. Rafiki zangu waliniambia sijajiamini. Duka lilipoyumba, tuisheni ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba, na duka likapata muda wa kusimama. Nisingeweza kulikumbuka somo la hesabu ghafla baada ya miaka mitano ya kulitelekeza. Niliweza kwa sababu kila Jumamosi nilishika chaki.

Hapo ndipo pampu ya shemeji inaponifundisha zaidi ya methali. Cha zamani hakihifadhiki kwa kukiweka tu. Petroli isiyotumika huharibika tangini, na pampu isiyozungukwa na mafuta huungua. Ndivyo ilivyo kwa ufundi uliojifunza ujanani, kwa shamba la nyumbani usilolikanyaga, kwa ndugu unayempigia siku ya msiba tu. Unaamini vipo, mpaka siku unapovihitaji.

Nampenda kijana wa Altezza kwa sababu anaishi hivyo bila kuhubiri. Kila jioni akirudi nyumbani hubonyeza swichi, mwendo wa mwisho anaumaliza kwa petroli. Betri yake ya zamani iko kibarazani, anaichaji kila mwezi.

Basi ukienda kufunga gesi, nenda kwenye karakana yenye kibali. Angalia tarehe iliyogongwa kwenye mtungi na cheti chake, na urudi kuupima upya muda wake ukifika. Na tafadhali, hata gesi ikiwa rahisi namna gani, weka angalau robo tangi ya petroli na uendeshe kwa petroli hiyo dakika chache kila siku.