Kalamu na Ulimi

Riwaya yangu ya kwanza nimeiandika kwa miaka sita na kuitangaza kwa miezi minane, na iliyonichosha ni ile miezi minane. Sisemi haya kwa kulalamika. Mwandishi wa Kiswahili apataye mchapaji ana bahati, nami niliipata bahati hiyo. Walakini siku ya kutia saini mkataba mchapaji wangu aliniambia waziwazi kwamba kazi yake ilikuwa kuchapa, na kwamba kitabu hakina miguu. Miguu ilikuwa yangu.

Basi nilitembea. Kila mwisho wa juma nilipanda basi pamoja na boksi la nakala arobaini au hamsini, nikaenda katika shule za sekondari za Muheza, Korogwe na Lushoto. Nilirudi Jumapili usiku, vumbi limejaa nywele zangu, na boksi aghalabu limepungua uzito kidogo kuliko nilivyotumaini. Jumatatu asubuhi nilisimama mbele ya wanafunzi wangu kufundisha ngeli za majina. Vijana wa shule ni wasikilizaji wema, lakini maswali yao hayazidi matano. Je, mhusika mkuu ni wewe mwenyewe? Kwa nini umemwua? Ilikuchukua muda gani? Umepata fedha kiasi gani? Kitabu kijacho kitahusu nini?

Maswali manne ya kwanza niliyapatia majibu mafupi yenye kuchekesha, nikayatumia kila nilikokwenda. Katika mwezi wa tatu nikagundua jambo lililonitia haya. Palikuwa na mahali katika hotuba yangu ambapo nilinyamaza, nikaangalia dari kama mtu atafutaye neno, kisha nikalipata. Neno lilikuwa lile lile kila mara. Nilikuwa nimekariri hata kusitasita.

Pengine msomaji ataliona hili kuwa dogo. Kwa mwandishi si dogo. Ninapoandika sentensi nzuri, aghalabu siijui mpaka imefika katika karatasi, na nikiijua mapema huwa mbovu. Ninapouza kitabu, sharti niijue sentensi kabla ya kufumbua kinywa, na kadiri inavyokosa shaka ndivyo inavyouza. Kila moja ni halali mahali pake. Shida ni kwamba zote mbili hukaa katika kichwa kimoja, na ya pili hulipwa papo hapo kwa makofi, ambapo ya kwanza hungoja miaka.

Katika usiku wa mabasi hayo niliwafikiri sana watu wawili wa Uingereza wa karne ya 19, ambao wote walisafiri kwa reli. Anthony Trollope alikuwa mtumishi wa posta, na kazi yake ilimpeleka huku na huku kukagua. Alijitengenezea ubao mdogo wa kuandikia, akauweka magotini katika behewa, akaandika kwa penseli mbele ya abiria wenziwe. Baadaye mkewe alinakili. Sehemu kubwa ya Barchester Towers, iliyotoka mwaka 1857, iliandikwa hivyo. Reli haikumwibia kitu, maana alikuwa safarini kwa ajili ya barua za watu wengine.

Charles Dickens alisafiri kwa ajili ya vitabu vyake mwenyewe. Tangu mwaka 1858 alipanda majukwaani kujipatia fedha kwa kusoma hadithi zake, na watu walijaa kumbi. Katika ziara yake ya kuaga alikuwa akisoma kuuawa kwa Nancy, kutoka katika Oliver Twist, hadithi aliyoiandika zaidi ya miaka thelathini nyuma. Mwezi wa Aprili 1869 daktari wake alimkataza kuendelea, ziara ikavunjwa. Mwaka uliofuata alirudi jukwaani London mara kumi na mbili, mapigo ya moyo wake yakipimwa kabla na baada ya kusoma, nayo yakipanda vibaya, akamaliza tarehe 15 Machi 1870, akafa tarehe 9 Juni. Riwaya aliyokuwa akiiandika ilikusudiwa kutoka katika sehemu kumi na mbili. Aliacha sita. Wanaomsoma wangali wanabishana juu ya muuaji katika kitabu hicho, kama kweli yumo muuaji. Mimi hufikiri zaidi juu ya Nancy, aliyeuliwa usiku baada ya usiku kwa maneno yale yale, na mwandishi wake mezani akiwa na hadithi mpya isiyo na mwisho.

Na hapa kwetu? Shaaban Robert aliandika Kufikirika katika miaka ya 1940. Kitabu kikachapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Kwa muda mrefu nimewafundisha wanafunzi kulisikitikia jambo hilo, na ni la kusikitikiwa. Lakini nakiri kwamba usiku mmoja, katika kituo cha basi cha Segera, nilikaribia kukionea wivu kitabu ambacho mwandishi wake hakulazimika kukitembeza. Lilikuwa wazo la mtu aliyechoka.

Sasa niseme juu ya swali la tano, ambalo ndilo lililoniumiza.

Nilikuwa nimekwisha anza riwaya ya pili. Ilitokana na kaka yangu, aliyekwenda kuvua samaki kutoka Pangani mwezi wa Julai 1994, wakati wa kusi, asirudi. Nilikuwa na kurasa thelathini, sikuwa nimemwonyesha mtu. Jioni moja, katika ukumbi wa mji wa Tanga, watu walikuwa wengi na wakarimu kuliko kawaida. Kijana mmoja aliuliza kitabu kijacho kitahusu nini, nami nikaisimulia hadithi nzima. Nilieleza jinsi mama yetu alivyokwenda pwani kila alfajiri kwa mwaka mzima, akasimama mpaka jua likawa kali. Watu walilia. Baadaye walinunua nakala zote za boksi, jambo ambalo halikuwa limetokea kabla.

Nilipokaa kuandika wiki ile sikupata kitu. Nilidhani ni uchovu, nikangoja. Baada ya mwezi nikatambua kwamba hadithi imekwisha. Ilikuwa imesemwa, imeliliwa, imelipiwa. Kalamu haikuona sababu ya kurudia kazi iliyofanywa na ulimi. Kila nilipofika pwani katika ukurasa nilisikia ukumbi ukinyamaza.

Nilikwenda Pangani kumwona mama. Alikuwa barazani akisuka ukili, kama nilivyomkuta siku zote za maisha yangu. Mama huuza mikeka, na hata sokoni, mkeka uliokwisha ukiwa umetandikwa mbele yake, vidole vyake huwa katika miyaa ya mkeka mwingine. Nilimwamkia, akaitikia, akaendelea kusuka. Kisha akasema:

“Mwanangu, kijana wa jirani alinisikizisha maneno yako ya Tanga katika simu.”

Sikujua la kujibu.

“Umewaambia watu kuwa nilikwenda pwani kila alfajiri, mwaka mzima.”

“Ndivyo nilivyodhani, mama. Mimi nilikuwa shuleni Moshi.”

“Nilikwenda siku tatu. Siku ya nne sikwenda. Palikuwa na mkeka wa harusi ya watu, na fedha yake nimekwisha ila. Nilikaa hapa nikausuka.” Alivuta mwaa mwingine. “Niliusuka vibaya. Ulikuwa na kosa, na mwenyewe aliliona, asiseme neno.”

Tasnifu yangu ya udaktari ilihusu wasimulizi wasemao wasiyoyaona. Nimewasahihisha wanafunzi wengi katika somo hilo. Nilikaa pale barazani, mwenye elimu hiyo yote, nikaona kwamba nilimpa mama yangu huzuni ya jukwaani, kwa kuwa ile yake nilikuwa sijaiuliza. Nilimwomba radhi. Alisema hakuna neno, na akaniuliza kama nimekula.

Usiku ule nilizichana kurasa thelathini, ila mbili. Kalamu ilikuwa na njaa tena, maana palikuwa na kitu nisichokijua: siku ya nne.

Kutangaza sikuacha. Nakala zilikuwa bado mia mbili katika chumba changu cha kulala, na deni la mchapaji halilipwi kwa unyamavu. Lakini nilibadili mambo mawili. Katika basi sikujipangia tena hotuba. Nilinunua daftari dogo la shule, nikaandika humo chochote kisichohusu kitabu kinachouzwa wala kile kijacho: bei ya machungwa Muheza, namna konda anavyoita abiria, jina la ajabu la duka. Barabara ikitikisika, hati yangu haisomeki, na si hasara kubwa. Jambo la pili ni jibu la swali la tano. Sasa husema, “Bado nakisuka,” kisha nakaa. Baadhi ya walimu wakuu huona ni jeuri. (Na msomaji ataona kwamba hata hapa nimesema zaidi ya nilivyokusudia, tabia ya ulimi haiponi mara moja. La kitabuni sijalisema.)

Nilimwuliza mama kama mwenye ule mkeka angali hai. Yu hai, ng'ambo ya mto, Bweni. Nilivuka kwa pantoni siku ya Jumamosi ambayo nilipaswa kuwa Korogwe na boksi. Ni mjane sasa. Mkeka ameuviringisha juu ya kabati, hautandiki tangu mumewe alipofariki. Aliuteremsha, akaufungua sakafuni bila ya kuuliza nautakia nini. Miyaa imepauka, lakini rangi inaonekana bado. Karibu na pembe mstari mwekundu umekatika, ukaanza tena upana wa kidole chini zaidi, ukaenda hivyo mpaka mwisho.

“Ni hapo,” akasema.

Daftari lilikuwa mkobani. Sikulitoa. Tulikaa juu ya mkeka, tukanywa chai.