Siku Niliyopokea Mrija wa Babu

Pengine nawe umelelewa katika nyumba ambamo pombe haitajwi hata kwa mzaha. Nyumba yetu mtaani Kaloleni, Kisumu, ilikuwa ya namna hiyo, na sababu ilikuwepo. Marehemu baba aliipenda chang'aa kuliko kazi. Mshahara wake uliishia njiani, na mama ndiye aliyetulipia karo kwa kuuza omena katika soko la Jubilee. Nilipofika kidato cha nne aliniapisha kwamba sitaonja pombe. Nikaapa.

Desemba 1996, nikiwa na umri wa miaka 24, nilikwenda Kombewa kumwona babu, aliyemzaa baba. Matatu ya Bondo ilinishusha sokoni, nami nikashika njia ya miguu kuelekea ziwani. Nilimkuta mzee na wenzake wanne wameketi chini ya mti, katikati yao chungu kikubwa kikifuka mvuke, na mirija mirefu kuliko mimi imetumbukizwa ndani yake. Mrija huo Wajaluo huuita oseke, na kinywaji chenyewe kong'o. Wengi wenu mnakijua kwa jina la busaa.

"Nyakwara," babu akaniita, yaani mjukuu wangu, "keti." Kisha akaninyoshea mrija wake mwenyewe.

Je, msomaji, ungefanyaje? Kukataa mrija wa babu mbele ya marika wake ni kumvunjia heshima. Kuupokea ni kuvunja kiapo cha mama. Ili nipate nafasi ya kufikiri, nikauliza kinywaji hicho hutengenezwaje.

Nyanya ndiye aliyenijibu, kwa kuwa kazi ilikuwa yake. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa mpaka uchachuke. Donge hilo hukaangwa juu ya bati kwenye moto mkali hadi liwe chengachenga za rangi ya kahawia, kisha huanikwa juani. Baadaye hutiwa maji na kimea, yaani wimbi lililooteshwa, likakaushwa na kusagwa. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, nayo hamira ya asili hugeuza sukari kuwa pombe. Kabla mahindi hayajaletwa kutoka bara la Amerika, wazee walitumia wimbi na mtama. Hata mirija si jambo geni duniani: watu wa Mesopotamia walichora wanywaji wakizunguka chungu na mirija yao maelfu ya miaka iliyopita.

Maswali yakaniishia. Mrija ulikuwa bado umenyoshwa.

"Usipulize," babu akasema. "Vuta polepole."

Nikavuta. Joto lilitangulia, ukafuata uchachu kama wa maziwa lala, kisha ladha ya ukoko wa ugali ulioungua kidogo. Kusema kweli, sikukipenda. Nikavuta tena, ukali ukapungua. Mara ya tatu ndipo nilipoitambua ladha ya wimbi, ule uji wa asubuhi alionipikia nyanya nilipokuwa mdogo. Nikarudisha mrija. Wazee wakacheka, lakini babu hakucheka.

"Baba yako aliketi hapo ulipoketi," alisema taratibu. "Hapa mtu akizidisha, mkubwa wake humwambia aweke mrija chini, naye huweka. Siku moja nilimwambia, akaondoka kwa hasira. Tangu hapo alikunywa peke yake, nyuma ya ua za watu. Sikumfuata. Nilidhani atarudi."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mzee huyu, ambaye hakutamka neno siku ya maziko, alikuwa amebeba mzigo wake miaka yote hiyo. Hakunitaka ninywe. Alitaka mtu wa kuketi pale alipoketi mwanawe, ili aweze kusema.

Niliporudi Kisumu nilimweleza mama yote. Alinyamaza muda mrefu, akichambua omena wake.

"Ulivuta mara ngapi?"

"Mara tatu, mama."

Akaendelea kuchambua. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na mzee alisema nini juu ya baba yako?" Tuliongea hadi taa ikaishiwa mafuta.

Sikushawishi unywe, msomaji. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu pombe za kienyeji, lakini kwa leseni, na haimruhusu aliye chini ya miaka 18. Tena chungu nacho kimewaharibu wengi. Wema wa wazee hauondoi ulevi. Mimi mwenyewe sijavuta mrija tena tangu siku ile. Ninalokuomba ni hili: ukiwa na mzee kijijini aliyenyamaza juu ya jambo fulani, nenda ukaketi naye, hata kama ni kwa kikombe cha chai. Huenda anangoja mtu wa kumwambia.