Keria ya Baiskeli Nne

Sisi tuliokulia Pemba tuliizoea baiskeli kuwa ndiyo mchukuzi. Ilibeba magunia ya karafuu, mikungu ya ndizi, madumu ya maji, na mara nyingine mgonjwa aliyeketi upande juu ya keria akishikilia kiti. Kwamba ingefika siku baiskeli nayo ikahitaji kubebwa, tena kwa keria yake maalumu, ni jambo ambalo lingetuchekesha. Lakini hapa Leicester, tunakoishi na watoto wetu wawili, jambo hilo ndilo lililotushughulisha majira ya kiangazi yaliyopita.

Tunalo tela dogo la kulala, ambalo ndani yake mna kitanda kimoja na kabati, na ubavuni hufungwa hema la watoto. Halina breki zake lenyewe, na kwa sheria ya Uingereza tela la namna hiyo halipaswi kuzidi kilo 750 pamoja na mizigo yote. Tulikusudia kwenda Peak District, kwenye Monsal Trail, njia ya maili 8.5 iliyopita zamani reli. Treni ziliacha kupita hapo mwaka 1968, na mahandaki yake yalifunguliwa kwa wapita njia mwaka 2011. Hakuna magari, wala milima mikali, kwa hiyo mtoto wa miaka saba aweza kuendesha huko bila wazazi wake kushika roho mkononi. Kilichobaki ni namna ya kuzifikisha baiskeli.

Mwezi wa Aprili mzazi wetu alikuja kutoka Wete kwa viza ya matembezi, ambayo muda wake ni miezi sita. Alikuwa amefiwa na mama yetu mwaka uliotangulia, na sisi ndio tuliomsihi aje. Huyu ni fundi wa chuma wa zaidi ya miaka thelathini. Keria za baiskeli alizozitengeneza hana hesabu nazo. Lakini kwetu alikaa dirishani. Alikuwa akiamka kwa Alfajiri, akinywa chai, akitazama barabara yenye mvua, na kila tulipomuuliza hali alijibu, “Alhamdulillah, wanangu, nimepumzika.” Anayemjua mtu wa kazi anajua kwamba pumziko la namna ile ni maradhi. Tulimwona akipungua, tukaanza kuogopa kwamba tumemtoa kwenye nyumba ya upweke tukamtia kwenye upweke mwingine wenye baridi.

Tulipomwomba ushauri juu ya keria, jambo la kwanza alilolifanya ni kutoka nje bila kanzu yake nzito, akalala chali chini ya tela.

Watu wengi hufunga baiskeli nyuma, na sisi pia ndivyo tulivyofikiri. Mzee akataka kwanza kujua uzito. Tukapima kila kitu kwa mizani ya bafuni: baiskeli nne zilikuwa kilo 49, na keria tuliikadiria kilo 11. Kisha tukaiweka mizani hiyo hiyo chini ya pua ya tela, juu yake kipande cha gogo, tukaona pua inalemea kwa kilo 45. Tela ni kama ubao wa pembea, na magurudumu yake ndiyo kiini. Kutoka kwenye ekseli hadi kwenye pua ni mita 2.4, na keria ya nyuma ingekaa mita 1.6 upande wa pili. Hesabu ni nyepesi: kilo 60 nyuma zingeipunguzia pua kilo 40, zikabaki 5 tu. Tela lenye pua nyepesi namna hiyo huanza kuyumba kwenye mwendo, likaisukuma gari huku na huku hata dereva akashindwa. Tena keria ya nyuma ingefunika taa na kibao cha namba. Twaona watu wengi barabarani waliofunga hivyo, na hatuwaonei wivu.

Mbele nako kuna hesabu yake. Keria ikikaa juu ya ile fremu yenye umbo la herufi A, mita 1.5 mbele ya ekseli, pua ingepanda hadi kilo 82, ilhali gari letu linaruhusu 75. Mzee akafikiri, akauliza, “Na maji haya mnayabeba ya nini? Huko hakuna mfereji?” Dumu la lita 20 lilikuwa sehemu ya mbele. Likaachwa liende tupu. Sanduku la vyombo na makopo ya chakula likahamishiwa juu ya ekseli. Siku ya mwisho mizani ilisoma 67.

Yeye alitaka kuchomelea keria moja kwa moja kwenye fremu. Ndivyo afanyavyo fundi wa kwetu, na kazi yake haitikisiki. Tukamwonyesha kijitabu cha tela kinachokataza kuchomelea na hata kutoboa. Akaikwangua fremu kwa kucha, akatambua kwamba imepakwa zinki, na hapo akakubali kwa sababu yake mwenyewe: zinki ikiunguzwa hutoa moshi mweupe unaompa fundi homa usiku kucha, naye amewahi kuuguzwa nao. Isitoshe, nasi tulihitaji keria inayotoka, kwani nafasi iliyo mbele ya nyumba yetu inatosha tela na si zaidi.

Basi ikawa hivi. Nguzo mbili fupi za bomba la mraba zikalazwa chini ya fremu, zikabanwa kwa boliti za umbo la U na nati zenye plastiki ndani zisizolegezwa na mtikisiko. Juu ya nguzo hizo yakasimama mabomba mawili mafupi ya milimita 50, na miguu ya keria, ya milimita 40, ikaingia ndani yake ikafungwa kwa pini. Bomba ndani ya bomba huacha nafasi, na nafasi hiyo hugongagonga njia nzima mpaka chuma kichoke. Kwa hiyo kila mguu ukapewa boliti ya ubavuni inayoubana usicheze.

Kuchomelea kulifanyika mbali na tela, katika gereji ndogo ya rafiki yetu, kwa Jumamosi mbili. Hatutasema mengi juu ya siku hizo. Vijana wa pale walisimama kumtazama, na mmoja akaanza kumwita “Babu” kama watoto wetu wamwitavyo. Jioni ya kwanza alikula sahani mbili za wali, akalala kabla hatujamaliza kuosha vyombo.

Baiskeli ndogo kuliko zote aliiweka karibu na gari. Tulidhani ni kwa sababu ya upendo wa babu kwa mjukuu wake, kumbe alikuwa amelipima gari likikata kona kali kabisa: baiskeli ndefu ingegusa pembe ya bodi, ndogo haigusi.

Tulisafiri Julai, tukishika mwendo usiozidi ule uliowekwa kwa wanaovuta matela, na baada ya kilomita 50 za mwanzo tukasimama kukaza nati upya, kwa amri yake. Huko Hassop Station, ambako baiskeli hukodishwa, alikodi yake. Aliendesha mbele yetu sote. Ndani ya handaki alishuka, akaweka kiganja kwenye mawe ya ukuta akasimama kitambo, watoto wakimngoja bila kusema neno.

Aliondoka mwisho wa Septemba. Kabla ya hapo aligonga alama za patasi kwenye kila kiungo, mkato mmoja kwa mmoja, miwili kwa miwili, ili tusichanganye miguu tukiirudisha peke yetu. Mwezi wa Oktoba, tulipotoka tena kwa siku mbili, simu yake ilitangulia salamu zetu. Aliuliza kama tumekaza nati baada ya kilomita 50. Tulikuwa tumezikaza.