Nilimfukuza kwa Kosa la Vidole Vyangu

Mteja akiniuliza yule binti yuko wapi, nilikuwa nikijibu kwamba ameacha kazi. Hakuacha. Nilimfukuza mbele ya watu, saa tatu na nusu asubuhi, kwa kosa lililotendwa na vidole hivi kumi ninavyoandikia sasa.

Duka langu la kuchapisha liko Kawempe, kando ya Barabara ya Bombo, ukishaipita Bwaise. Ni dogo: kaunta, mashine ya nakala, na kompyuta mbili juu ya meza zilizopeana migongo. Moja tunaiita ya dirishani, nyingine ya ndani. Aliyeketi kwenye moja haoni skrini ya mwenzake.

Nilizaliwa Mwanza, na huko ndiko nilikofundishwa taipureta kabla sijaolewa Kampala. Mwalimu wetu alikuwa akitufunika mikono kwa kitambaa ili tusitazame vitufe. Macho kwenye karatasi, vidole kwenye mashine. Mpaka leo naweza kuchapa aya nzima bila kuinua uso, na kwa miaka mingi nimejigamba kwa hilo mbele ya vijana wanaochapa kwa vidole viwili.

Mwaka jana nilichoshwa na waya. Wateja walijikwaa, na panya wa dukani walikuwa na meno. Nikanunua kibodi mbili zisizo na waya, za aina moja na rangi moja. Kila moja ilikuja na kipokezi chake, kile kijiti cha USB kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Vipanya nikaviacha vile vile, vya waya.

Binti alizitoa kibodi kwenye maboksi akazilaza sambamba.

"Mama, hizi ni pacha," akasema. "Tuzitie alama. Nina rangi ya kucha nyekundu kwenye mkoba. Tone moja kwenye kibodi, tone moja kwenye kipokezi chake."

Nikamwambia vitu vipya havichafuliwi.

Nieleze jambo aliloliona yeye hapo, nisiloliona mimi. Kibodi ya namna hii haijui kompyuta. Inajua kipokezi chake tu, maana imefungwa nacho ndoa tangu kiwandani. Ukikichomeka kipokezi hicho katika kompyuta ya jirani, maneno yako yatakwenda kwa jirani. Mawimbi yake ya redio, ya gigahezi 2.4, hufika mita kadhaa. Kuvuka meza mbili zilizopeana migongo ni kama kumpitishia mwenzako chumvi. Waya ulikuwa shahidi: ukiufuata kwa jicho utajua mkono wako unaongea na nani. Douglas Engelbart alipoonyesha kipanya chake San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, kilikuwa na waya, na inasemekana waya huo uliofanana na mkia ndio uliokipa jina. Mimi niliukata mkia, nikafurahia usafi wa meza.

Usiku mmoja mvua ilitisha. Anayeijua Bwaise anajua maji yake, na sisi tulio jirani nayo tumejifunza kutoacha kitu chini. Nilinyanyua mashine nikaziweka juu ya rafu, nikachomoa vipokezi vyote viwili nikavitia katika kopo moja la maziwa ya unga. Asubuhi nilivirudisha kwa mkono wangu mwenyewe. Kile kilichotangulia kutoka kopo kilikwenda dirishani, cha pili ndani.

Binti aliwasha kompyuta ya ndani, akafungua kwa kipanya tasnifu ya mwanafunzi mmoja wa Makerere, kurasa 84 za Kiswahili kuhusu wakazi wa Bwaise na kazi zao. Msimamizi wake alikuwa amemwambia kwamba kila penye "kazi" yenye maana ya kuajiriwa aandike "ajira". Binti alikuwa amekwisha kutumia siku tatu kwenye masahihisho hayo, sentensi kwa sentensi. Nikamtuma chai na rolex, ile chapati ya mayai isiyokosekana mtaani kwetu asubuhi. Akaondoka huku tasnifu iko wazi kwenye skrini.

Mimi nikaketi dirishani na karatasi ya mteja, makubaliano ya kupangisha chumba. Nina faili la makubaliano ya zamani ambalo hulifuta na kuandika upya ili nisihangaike kupanga ukurasa. Nikalifungua, nikaweka macho kwenye karatasi. Ctrl na A, kuchagua yote. Delete. Nikachapa kichwa cha habari, nikachapa aya ya kwanza. Mwisho wa aya, Ctrl na S, kuhifadhi. Kukatika kwa umeme Kampala kumenifundisha kuhifadhi kila aya. Vidole hufanya hivyo bila kuniuliza.

Nilipoinua uso, makubaliano ya zamani yalikuwa palepale, hayajaguswa. Nikaipindua kibodi. Nikazitoa betri nikazigeuza, nikazisugua kwenye kanga, nikazirudisha. Kumbe kibodi ilikuwa nzima kabisa, na ilikuwa imekwisha kufanya yote niliyoiamuru.

Binti akarudi. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Mama, ile kazi ya kaka wa Makerere imekwenda wapi?"

Nikazunguka meza. Kwenye skrini yake hapakuwa na Bwaise wala wakazi. Palikuwa na kichwa cha habari MAKUBALIANO YA KUPANGISHA CHUMBA na aya moja chini yake, maneno yale yale ya karatasi iliyokuwa mezani kwangu, pamoja na kosa moja la herufi ambalo ni langu tangu Mwanza: "kupangihsa".

Hapa ndipo penye aibu yangu. Ushahidi wa kumtoa hatiani ulikuwa mbele ya macho yangu, umeandikwa kwa mwandiko wangu ikiwa mashine inaweza kuwa na mwandiko, nami niliutumia kumhukumu. Niliamua kwamba alikuwa amechukua karatasi ya mteja akajifunzia kuchapa ndani ya tasnifu ya watu. Mikononi bado alikuwa ameshika vikombe viwili vya chai.

"Mama, ndiyo kwanza naingia," alisema. Akaweka vikombe, akabonyeza Ctrl na Z. Hakikutokea kitu kwenye skrini yake. Bila shaka: kibodi yake ilikuwa ikiongea na kompyuta yangu. Akanyoosha mkono kuelekea kipanya. "Ngoja, tunaweza kurudisha kwa ule mshale wa juu."

Nilimnyang'anya kipanya. "Usiguse tena!" Nikalifunga faili.

Lilifungika bila kuuliza chochote, kwa sababu nilikuwa nimeshalihifadhi. Word hukumbuka hatua zako ili uweze kuzirudisha nyuma, na hukumbuka hata baada ya kuhifadhi, lakini kumbukumbu hiyo huishi muda ule tu ambao faili liko wazi. Ukilifunga, imezikwa. Yeye alikuwa amebakiza mibonyezo michache tu aiokoe kazi yake ya siku tatu.

Wateja wawili walikuwa kwenye kaunta. Nilimwambia achukue mkoba wake. Nilitumia na neno ambalo silirudii hapa.

Mtu akishakosa hivyo na hataki kujua, hukosa tena haraka. Nakala pekee iliyosalia ilikuwa kwenye flashi ya mwanafunzi, ya wiki mbili nyuma, kabla ya masahihisho. Dukani hatukuwa na desturi ya kuhifadhi kila siku kwa jina jipya lenye tarehe. Tasnifu ilitakiwa kesho yake. Jioni nikachomoa vipokezi nikavirudisha, kibodi ikaitika bila mimi kujiuliza kwa nini. Nikaketi peke yangu, nikafungua dirisha la kutafuta na kubadilisha: tafuta "kazi", weka "ajira". Kuna kitufe cha kubadilisha moja moja na kingine cha kubadilisha zote kwa mpigo. Nikabonyeza cha mpigo. Kompyuta ikajibu kwamba imebadilisha mahali 212. Nikacheka kwa dharau: binti siku tatu, mimi sekunde moja.

Nikachapisha nakala tatu. Asubuhi mwanafunzi alisimama kwenye kaunta, akafungua ukurasa wa kwanza, akakunja uso.

"Mama, wafanyaajira ni akina nani?"

Nikamnyang'anya karatasi. "Mfanyakazi" alikuwa amegeuka "mfanyaajira". "Makazi" yalikuwa "maajira". Na "mkazi wa Bwaise", mtu mzima mwenye nyumba na watoto, alikuwa amegeuka "majira wa Bwaise", kama mvua za vuli. Hakuna mstari mwekundu ulionionya, maana kisahihishi cha kompyuta zetu ni cha Kiingereza, hupigia mstari kila neno la Kiswahili, na tulikizima zamani.

Kiswahili kina tabia ya kuweka neno ndani ya neno. "Kazi" imelala ndani ya mkazi, makazi, wakazi na mfanyakazi. Ndiyo maana lugha yetu yataka tahadhari: katika dirisha lile la kubadilisha, weka alama kwenye kisanduku kinachoiamuru programu itafute maneno kamili tu, halafu pita moja moja ukisoma. Hata hivyo kisanduku hakimalizi kazi. Kwa bahati "kazi" na "ajira" ni za ngeli moja, "kazi nyingi" ikawa "ajira nyingi". Ningekuwa nabadilisha "kazi" kuwa "kibarua", ningepata "kibarua nyingi", na hakuna kitufe kinachojua ngeli. Kinachojua ngeli ni mtu anayesoma, kama yule binti aliyepita sentensi kwa sentensi kwa siku tatu. Hilo nilikuwa nimeliita uvivu.

Nilichapisha upya kwa gharama yangu. Bado sikujiuliza chochote kuhusu aya ile ya makubaliano.

Siku kumi baadaye kijana mmoja aliketi kwenye kompyuta ya ndani akisoma barua pepe yake. Mimi nilikuwa dirishani nikichapa barua ya mwaliko wa harusi, macho kwenye karatasi. Asubuhi ile pia nilikuwa nimevitoa vipokezi kwenye kopo.

"Nnyabo," kijana akaita, "mashini yako inaandika yenyewe!"

Mteja wa kwenye kaunta akasema pengine ni mayembe, yale mapepo ya waganga, watu wakacheka. Nilizunguka meza. Ndani ya kisanduku cha barua pepe ya kijana yule, majina ya bwana na bibi harusi yalikuwa yamejipanga vizuri. Nilirudi nikabonyeza herufi moja, nikazunguka kutazama. Ikatokea kule. Nikabonyeza nyingine. Ikatokea kule. Ilinibidi niketi kwenye benchi la wateja.

Fundi wa simu wa mlango wa pili, nilipomsimulia, alinipa utaratibu ambao leo umebandikwa ukutani. Kifaa kisicho na waya kikigoma, kwanza bonyeza kitufe kimoja na utazame skrini zote za chumbani. Pili, swichi ya chini na betri. Tatu, hamisha kipokezi: kikikaa ubavuni mwa tundu la USB 3.0 lenye diski ya nje, kelele za tundu hilo huvuruga mawimbi ya gigahezi 2.4, jambo ambalo kampuni ya Intel ililieleza tangu 2012; tundu la upande wa pili au kipande cha waya wa kurefusha hutosha. Nne, hakikisha hukushikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane, maana Windows hapo hukupa msaada wa watu wenye mikono inayotetemeka, na kibodi huanza kupuuza mibonyezo ya haraka kana kwamba imekufa. Kwenda dukani kununua kibodi mpya ni jambo la mwisho.

Nilimuuliza mtu anayeshukiwa ni wa ngapi katika orodha hiyo. Akanitazama, akasema, "Mtu hayumo, Mama."

Jumapili nilikwenda Kazo, kwenye chumba anachokaa binti na mama yake, waliokuja Kampala kutoka Bukavu wakikimbia vita. Nilibeba mshahara wa mwezi mzima na kilo mbili za sukari. Nilimweleza mama yake kwanza, kwa sababu habari za kufukuzwa zilikuwa zimemfikia yeye kwanza, pamoja na lile neno. Nikaeleza kopo, vipokezi, makubaliano, hata "kupangihsa". Nikamwambia binti kwamba mkono wake ulikuwa njiani kuiokoa ile kazi na mimi ndiye niliyeuzuia.

Alinisikiliza akiwa anamenya viazi. Alikuwa amekwisha kupata duka lingine, upande wa Kalerwe. Hakulia, wala hakunisamehe kwa maneno. Mwishowe aliweka kisu chini.

"Mama, zile kibodi umezitia alama?"

Nilikuwa nimebandika orodha ya fundi ukutani. Nilikuwa nimenunua betri mpya, na kopo la pili ili kila kipokezi kilale peke yake. Tone la rangi sikuwa nimetia.

"Bado," nikasema.

Akachukua kiazi kingine.

"Basi bado hujanisikia."