Kesi ya Nyama

Mwanadamu ni mwepesi wa kuhukumu na mzito wa kuchunguza. Akipatwa na dhara hutafuta mshitakiwa, na aliye karibu na macho ndiye hufungwa kwanza. Tabia hii haikai barazani tu. Hukaa pia penye sahani. Tumbo likiuma baada ya karamu, husemwa kuwa nyama ndiyo iliyoumiza, kwa kuwa nyama ndiyo iliyokumbukwa. Kitunguu hakitajwi, mafuta hayatajwi, na pupa ya mlaji haitajwi kabisa.

Mwalimu mmoja wa Morogoro aliishi na hukumu ya namna hiyo kwa miaka minne. Kila alipokula pilau ya arusini au mishikaki ya jioni, tumbo lilimjaa kama ngoma, likamsokota, likamkimbiza chooni mara tatu au nne. Siku nyingine lilifunga kabisa. Daktari alimpima, akamwuliza kama ameona damu katika choo, kama amekonda bila sababu, kama ana homa, kama maumivu humwamsha usiku. Maana dalili hizo huashiria maradhi mengine yasiyongoja. Alimwuliza pia kama hutokwa na vipele saa chache baada ya kula nyama, kwa sababu wako watu ambao, wakisha kuumwa na kupe wa aina fulani, miili yao huikataa nyama ya wanyama wanyonyeshao. Hayo yote hayakuwapo. Basi aliambiwa kuwa utumbo wake ni mwepesi wa kukereka, maradhi ambayo madaktari huyaita kwa kifupi IBS. Hayaui, wala hayageuki kuwa saratani, lakini humnyima mtu raha. Mwalimu alitoka pale amekwisha kata shauri: nyama isiingie tena kinywani mwake.

Shauri hilo lilikuwa na gharama. Likizo moja alikwenda kwao, mama yake akamchinjia mbuzi. Sahani ilipowekwa mbele yake aliisukuma kando.

"Mwanangu," mama aliuliza baada ya kimya, "mkono wangu umekuwa mchungu?"

"Sivyo, mama. Ni tumbo."

"Tumbo hilo nililizaa mimi," mama alijibu, akaondoa sahani, akamletea chapati na maharage.

Hakuna aliyekula kwa furaha siku ile. Kesho yake, akiwa safarini, tumbo lilimsokota mwalimu kama lilivyozoea. Nyama hakuionja, maumivu aliyapata. Hapo ndipo shaka ilipozaliwa, na shaka njema ni mama wa elimu.

Alinunua daftari. Kwa wiki tatu aliandika saa ya kula, chakula chenyewe na viungo vyake, kiasi, maumivu na hali ya choo. Aliandika pia usingizi na mashaka ya siku, kwa kuwa utumbo na ubongo huambiana habari, na moyo wenye hofu hukaza tumbo lisilo na kosa. Kisha akafuata njia iliyoenezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, nchini Australia. Njia hiyo husimama juu ya jambo moja: ziko sukari ambazo utumbo mwembamba hauzinywi vizuri. Huvuta maji, hushuka mpaka utumbo mpana, na bakteria huzichachua zikatoa hewa. Utumbo wa wengi huvumilia. Utumbo mwepesi hulia. Sukari hizo zimo katika vitunguu, vitunguu saumu, ngano, maharage na maziwa. Katika nyama tupu hazimo.

Kwa wiki nne mwalimu aliacha vyakula hivyo, akala wali na nyama isiyo na mafuta, iliyochemshwa kwa chumvi na tangawizi. Tumbo lilitulia. Baadaye aliwaita washitakiwa mmoja mmoja, kila mmoja kwa siku tatu: siku ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu kiasi cha kawaida, kisha akapumzika kabla ya kumwita mwingine. Maziwa yalipita salama. Chapati moja ilipita, tatu hazikupita. Kitunguu kilimwangusha siku ya pili, na kitunguu saumu siku ya kwanza. Nyama nayo haikutoka safi kabisa: mbavu zilizonona zilimsumbua, kwa kuwa mafuta mengi huuchochea utumbo mpana ujikaze baada ya mlo. Lakini kosa hilo lilikuwa la kiasi, si la asili. Mshitakiwa mkuu alikuwa amejificha katika mchuzi, katika kachumbari, na katika viungo vya mishikaki.

Mtu mwingine akifuata njia hiyo hiyo huenda akamkuta mkosaji mwingine, kwa maana kila tumbo lina sheria zake. Wala haifai kuacha vyakula vyote hivyo daima. Anayefanya hivyo huudhoofisha mwili kwa kukosa aina za chakula. Huachwa ili vijaribiwe, na kisichodhuru hurudishwa.

Likizo iliyofuata mwalimu alirudi kwao na daftari lake. Alimweleza mama kuwa sukari ya kitunguu huyeyuka katika maji, haiyeyuki katika mafuta. Hivyo vipande vikubwa vikikaangwa na kuopolewa kabla maji hayajatiwa, harufu hubaki na dhara huondoka. Mama alisikiliza, akacheka kidogo, akatwaa kisu. Vitunguu viliingia katika mafuta, vikatoka. Mbuzi akaiva. Mwalimu alikula vipande vitatu vya paja, polepole, na mama alimtazama mpaka sahani ikawa tupu.

"Kumbe nyama ilisingiziwa," mama alisema.

Na sahani ile alikwenda kuiosha mwenyewe.